Barza ya Mwalimu: Mizani Iwe Moja

 

Mwaka huu wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniomba niandike juu ya jambo moja. Watoto wao wanaosoma ng'ambo wamefundishwa katika somo la dini namna watu wenye shaka wanavyoisoma Biblia, na namna Wakristo wanavyowajibu. Wazazi wanauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi Waislamu? Jawabu langu ni kwamba linatuhusu sana. Basi tuangalie kwanza wenye shaka wanasema nini, kisha wenye imani wamejibu vipi, na mwisho tujiangalie wenyewe.

Mwenye shaka anaisoma Biblia kama karani anavyokagua daftari la duka. Anaweka ukurasa huu karibu na ukurasa ule, na kuuliza kama hesabu zinakubaliana. Nitatoa mifano michache ambayo kila mwenye Biblia nyumbani anaweza kuihakiki. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 24, Mfalme Daudi anawahesabu watu wake, na inapatikana kwamba Israeli ina askari 800,000 na Yuda 500,000. Habari hiyohiyo katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 21, inasema Israeli 1,100,000 na Yuda 470,000. Tena Samweli inasema ni Mungu aliyemtia Daudi nia ya kuhesabu, kwa kuwa aliwakasirikia Waisraeli. Mambo ya Nyakati inasema ni Shetani.

Uko mfano mwingine ambao wanafunzi huupenda. Mfalme Ahazia, kwa Kitabu cha Pili cha Wafalme, alitawazwa akiwa na umri wa miaka 22. Kwa Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati alikuwa na miaka 42. Baba yake alikufa na miaka 40. Kwa hesabu hii ya pili mtoto alimzidi baba yake miaka miwili! Ukija katika Injili, Mathayo anasema baba wa Yusufu, mume wa Mariamu, aliitwa Yakobo. Luka anasema aliitwa Heli. Na vitabu vitano vinavyonasibishwa na Musa vinamalizika kwa kusimulia kufa na kuzikwa kwa Musa mwenyewe.

Maswali kama haya nayaita maswali ya nakala. Yanauliza nani aliandika, nani alinakili, na kalamu iliteleza wapi. Lakini yako maswali ya namna nyingine kabisa. Je, bahari inaweza kupasuka watu wakapita? Mtu anaweza kukaa ndani ya tumbo la samaki kisha akatoka mzima? Bikira anaweza kuzaa? Haya nayaita maswali ya ghaibu. Hapa mwenye shaka hakagui tena daftari. Anasema duka lenyewe halipo. Naomba tuzitenge namna hizi mbili, maana ugomvi mwingi wa dini umetokana na kujibu swali la namna moja kwa jawabu la namna nyingine.

Wala tusidhani maswali haya yameletwa na makafiri wa zama hizi. Origen wa Iskandaria, Mkristo wa karne ya 3 na mwanachuoni mkubwa wa wakati wake, aliuliza vipi siku tatu za mwanzo zilikuwa na jioni na asubuhi hali jua halijaumbwa. Yeye hakuiacha dini kwa swali hilo. Alisema maneno hayo yamebeba maana ya ndani na si ya juujuu. Na upande wetu, Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, alikataa khabari iliyopokewa na wanahistoria ya kwamba askari wa Nabii Musa walikuwa 600,000 au zaidi. Alisema: waliingia Misri watu 70, na baina ya Yaakub na Musa ni vizazi vinne tu, vipi wazidi kiasi hicho? Na jeshi kubwa namna hiyo litapangwaje vitani, hata mtu wa upande huu ajue linalotokea upande wa pili?

Wanavyuoni wengine wa Biblia wamelijibu swali hilo kwa lugha. Wanasema neno la Kiebrania *elef* lina maana ya elfu, lakini pia lina maana ya ukoo au kikosi, na huenda vikosi mia sita vilisomwa kuwa watu laki sita. Wasomaji wangu mtaligundua neno lenyewe: ni ndugu wa *alf* ya Kiarabu, na kwetu sisi ni elfu. Si kila mtu amelikubali jawabu hilo, lakini ni jawabu la mtu aliyelisikiliza swali.

Sasa twende Bara Hindi, katika mji wa Agra, mwaka 1854. Alikuwapo pale mmishionari wa Kijerumani, Karl Gottlieb Pfander, aliyekuwa ameandika kitabu kiitwacho *Mizan ul-Haqq*, yaani Mizani ya Haki, cha kuwaita Waislamu katika Ukristo. Kitabu hicho kiliwashughulisha sana wanavyuoni wa Kihindi. Mmoja wao, Sheikh Rahmatullah wa Kairana, akamtaka Pfander wajadiliane hadharani. Wakakubaliana masuala matano, na mdahalo ukafanyika tarehe 10 na 11 Aprili. Pfander alisaidiwa na padri kijana wa Kiingereza, Thomas Valpy French. Sheikh Rahmatullah alisaidiwa na daktari, Muhammad Wazir Khan, aliyekwenda kusoma udaktari Uingereza na kurudi na vitabu.

Vitabu hivyo ndivyo vilivyogeuza mambo. Pfander alitazamia kupambana na masheikh watakaotoa hoja za madrasa. Badala yake walimtolea maneno ya wachambuzi wa Ulaya wenyewe, na hata ya Wakristo walioandika kuitetea Biblia, kama vile Mwingereza Horne, ambaye katika kutetea alilazimika kwanza kuzitaja tafauti za nakala. Pfander alikuwa mtu mkweli. Alipobanwa alikiri kwamba ziko sehemu kadhaa ambazo maneno yamegeuka. Lakini akashikilia kwamba makosa ya waandishi wa mkono hayakuligusa fundisho lenyewe: Mungu ni yuleyule, amri ni zilezile, Yesu ni yuleyule. Sheikh Rahmatullah akasema, kitabu kilichokiriwa kuwa na makosa sehemu hizo, nani atatudhaminia sehemu nyingine? Baada ya siku mbili wakaachana, na masuala matatu yaliyobaki hayakufikiwa. Kila upande ulitoka ukisema umeshinda.

Angalieni, ndugu zangu, jawabu la Pfander. Alitafautisha baina ya ujumbe na chombo kilichoubeba. Mpaka leo jawabu hilo ndilo linalotumiwa zaidi na Wakristo waliosoma. Wakatoliki waliliweka karibu na hivyo katika waraka wa Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1965 uitwao *Dei Verbum*, unaosema kwamba msomaji hana budi kutazama ni maandishi ya namna gani anayoyasoma, kama ni historia, au utenzi, au unabii, kabla hajasema maana yake.

Baada ya vita vya mwaka 1857 Sheikh Rahmatullah alitafutwa na Waingereza, akakimbilia Makka. Sultani Abdulaziz akamwita Stambuli, na huko akaandika kwa Kiarabu kitabu chake *Izhar ul-Haqq*, kilichotoka mwaka 1864. Kisha akarudi Makka na kuasisi Madrasa ya Sawlatiyya. Tukiweke kitabu hicho kando kidogo. Tutakutana nacho tena.

Miaka michache baada ya mdahalo wa Agra, shaka iliingia ndani ya kanisa lenyewe, na iliingilia mlango wa Afrika. John William Colenso alikuwa askofu wa Natal, Afrika Kusini. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa askofu, na vitabu vyake vya hesabu vilisomeshwa katika skuli nyingi za Uingereza. Alikuwa akifasiri Biblia kwa Kizulu akisaidiwa na Mzulu mmoja, William Ngidi. Walipofika kwenye habari ya Gharika, Ngidi akamuuliza: haya yote ni kweli? Wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawiliwawili wakaingia safinani? Na Nuhu aliwakusanyia chakula wote, hata wale walao nyama?

Mimi nimesomesha miaka mingi, nami nasema lile lilikuwa swali la mwanafunzi aliyesoma kwa makini kuliko wote. Msomaji wa kawaida hupita juu ya maneno. Mfasiri hawezi, kila neno sharti alitafutie neno la kwao, na akilipata la kwao anaona kitu chenyewe mbele ya macho yake. Ngidi alikuwa mtu wa ng'ombe na zizi. Alijua mnyama mmoja anakula kiasi gani kwa siku.

Colenso hakuweza kumdanganya. Akakaa na kalamu yake ya hesabu. Kitabu cha Hesabu kinasema wanaume wa Israeli waliofika umri wa vita walikuwa 603,550, na wazaliwa wa kwanza wa kiume wote walikuwa 22,273. Gawanyeni wenyewe: hata tukiacha watoto wadogo, ni mzaliwa wa kwanza mmoja kwa wanaume 27. Kina mama gani hao waliozaa wavulana 27 kila mmoja? Mwaka 1862 alianza kuchapisha vitabu vyake vya kuchambua vitabu vitano vya Musa, na Uingereza nzima ikatikisika.

Wenye imani wakamjibu vipi? Askofu wa Cape Town, Robert Gray, alimhukumu na kumvua uaskofu mwaka 1863. Colenso akakata rufaa London, na mwaka 1865 baraza la malkia likaamua kwamba Gray hakuwa na uwezo kisheria wa kumwondoa. Mwaka uliofuata Gray akamtenga na kanisa. Mzozo huo ulikuwa mojawapo ya sababu za maaskofu wa Kianglikana wa dunia kukutana kwa mara ya kwanza, Lambeth, mwaka 1867. Miaka yote hiyo swali la Ngidi halikujibiwa. Aliyeshughulikiwa ni Colenso.

Naye Colenso hakuacha dini yake. Alibaki Natal mpaka alipokufa mwaka 1883. Serikali ya kikoloni ilipomdhulumu chifu Langalibalele, na baadaye ilipompiga vita mfalme Cetshwayo mwaka 1879, yeye alisimama upande wa waliodhulumiwa, na kwa hilo akapoteza hata marafiki wa Kizungu waliombakia. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu. Nimeitaja habari hii ili vijana wajue kwamba mwenye kuuliza si lazima awe anatafuta mlango wa kutokea.

Na Unguja nako mambo haya yalifika. Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 mpaka 1924, kanisa lake likiwa Mkunazini, alikasirishwa na kitabu kilichoandikwa mwaka 1912 na wasomi saba wa Oxford waliojaribu kuieleza imani kwa fikra za kisasa. Mwaka 1913 akaandika barua ya wazi kwa askofu mwenziwe wa Uingereza, na mwaka 1915 akatangaza kuvunja ushirika na askofu wa Hereford kwa sababu alimpa cheo mmoja wa wasomi hao. Hoja yake tunaweza kuifahamu sisi kuliko Waingereza. Aliona yuko katika nchi ya Kiislamu, mbele ya watu wanaojua wanachokiamini. Vipi kanisa litasimama mbele yao ikiwa wakubwa wake hawajui wanaamini nini? Hofu hiyo ni ya kweli, wala siicheki. Baba mwenye nyumba huogopa mlango ukigongwa usiku. Lakini kuufunga mlango si kulijibu swali la aliyegonga.

Sasa turudi kwa kile kitabu cha Sheikh Rahmatullah. Katika miaka ya 1930 kijana mmoja wa Kihindi aliyeletwa Natal akiwa mtoto alikuwa akifanya kazi katika duka karibu na misheni ya Adams, kusini ya Durban. Wanafunzi wa misheni walikuwa wakija dukani na kumuudhi kwa maswali juu ya Uislamu ambayo hakuweza kuyajibu. Siku moja akakikuta *Izhar ul-Haqq* katika vitabu vya zamani. Kijana huyo alikuwa Ahmed Deedat, aliyefariki mwaka 2005. Kwa hiyo hoja zilizokusanywa Agra zilifika Natal ileile ya Colenso na Ngidi, na kutoka hapo zikatembea dunia nzima. Mwaka 1986 Deedat alijadiliana na mhubiri Jimmy Swaggart huko Louisiana, Marekani, na kanda za mdahalo huo zikafika Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na huku Ghuba. Wakati huohuo mihadhara ya Kiswahili ya namna hiyo ilikuwa ikijaza viwanja bara na pwani.

Wengi wenu mnazikumbuka kanda hizo zilivyozungushwa nyumba kwa nyumba. Ziliwapa moyo watu wetu, khususan wale waliozoea kudharauliwa kwa dini yao. Lakini ziliacha mazoea mabaya, nayo ni kuifanya Biblia kichekesho cha barzani, na kuyachukua maneno ya kila mwenye shaka bila ya kumuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi.

Hapa ndipo jambo lilipoingia nyumbani kwetu. Idi moja, katika nyumba ya jamaa zetu, bwana mmoja alikuwa akisimulia kwa kicheko hesabu za wanyama wa safina. Alikuwapo mama wa Kiingereza, mkwe wa nyumba hiyo. Binti yake amesilimu, yeye mwenyewe ni Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Alikuwapo pia kijana aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu cha Uingereza. Kijana akauliza kwa adabu: "Ami, na Sayyidna Nuhu wetu je? Mwalimu wangu anayesema safina haikuwako, anasema haikuwako kwao tu?" Ami akamwambia: "Nyamaza. Usituingizie ukafiri nyumbani." Kijana akanyamaza, na kabla ya kahawa akaondoka. Idi mbili zimepita tangu hapo. Huleta salamu kwa simu tu.

Ndugu zangu, kijana yule alisema la haki. Mwenye shaka aliyeikataa gharika kwa sababu haamini ghaibu hakuikataa kwa Wakristo peke yao. Msahafu wetu unao Nuhu, na Musa na bahari, na Yunus na samaki, na Bibi Maryamu na mtoto bila ya baba. Ukimpigia makofi kwa kuwa leo anampiga jirani, kesho akija kwako utamwambia nini? Wazee walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ni kweli kwamba Qurani haikutaja vipimo vya safina, na katika maswali ya nakala tuna hoja zetu nzuri. Lakini hoja za nakala hazimjibu mtu mwenye swali la ghaibu, na kijana huyaona hayo kabla yetu.

Na maswali ya nakala nayo yameletwa kwetu zamani. Mjerumani Theodor Nöldeke alichapisha historia yake ya Qurani mwaka 1860, miaka miwili kabla ya Colenso kuanza kuchapisha vitabu vyake. Hapo Unguja, padri Godfrey Dale wa misheni ya Mkunazini aliifasiri Qurani kwa Kiswahili mwaka 1923 na kuitilia maelezo yake. Mwaka 1953 wakatoa yao Maahmadiya. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alifanya nini? Hakutosheka na kukasirika. Alikaa miaka akifasiri na kuandika maelezo, akiwajibu hao neno kwa neno, mpaka *Qurani Takatifu* yake ikatoka kamili mwaka 1969. Huo ndio ujibuji ninaoupendekeza: kalamu, subira na elimu.

Baba wa kijana yule aliniomba nizungumze naye, nikazungumza naye kwa simu, si mara moja. Nilimuuliza kwanza: swali lako ni la nakala au la ghaibu? Akafikiri, akasema yote mawili. Juu ya nakala, lililomuumiza ni kwamba mwanafunzi mwenziwe alimwonyesha msahafu wa Morocco ulio na tafauti za herufi na irabu na ule aliousomea madrasa, akamwambia kwamba tumefichwa. Nikamweleza kwamba huo ni usomi wa Warsh, na sisi tunasoma kwa Hafs. Kwamba visomo hivi vimepokewa kwa majina ya wapokezi wake na vimeandikiwa vitabu tangu karne za mwanzo, wala hakuna aliyeficha. Akakaa kimya, kisha akasema: "Mbona hatukuambiwa madrasa?" Na mimi nawaulizeni nyinyi wazazi na walimu: mbona hawaambiwi?

Juu ya ghaibu sikumpa hesabu. Nilimwambia kwamba mimi naamini, na kwamba imani yangu haikujengwa juu ya kupima mbao za safina. Anayeamini kwamba Mungu ameumba bahari haoni muhali Mungu kuipasua. Na asiyeamini la kwanza, kumbishia la pili ni kupoteza wakati. Hapo tunaachana kwa heshima, kila mtu na dalili zake.

Nilipata nafasi pia ya kumtaka radhi yule mama wa Kiingereza kwa maneno aliyoyasikia Idi ile. Hakuwa na kinyongo. Nikamuuliza, kwa idhini yake, anafanya nini na zile nasaba mbili za Mathayo na Luka. Akaniambia anajua tangu utotoni kwamba hazikubaliani, na padri wao mwenyewe ndiye aliyewaonyesha. Yeye, alisema, haendi kanisani kwa ajili ya orodha ya majina; anakwenda kwa sababu mume wake alipokuwa akifa, maneno ya Zaburi ndiyo yaliyomwezesha kulala usiku. Mimi sikubaliani naye katika itikadi, naye anajua. Lakini lile ni jawabu la mwenye imani, na Colenso na Pfander wangelifahamu wote wawili.

Wakaazi wa Maskati, nina habari moja kwa ajili yenu. Yule padri kijana aliyekaa karibu na Pfander pale Agra, Thomas Valpy French, baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Lahore. Alipokwisha kustaafu, naye ni mzee wa miaka 66, alikuja Maskati mwaka 1891 kuwasomea watu Injili kwa Kiarabu. Joto lilimshinda, akafa mwezi wa Mei mwaka huohuo, na kaburi lake liko katika ghuba ndogo karibu na mji. Mwezi huohuo, huko Makka, alifariki Sheikh Rahmatullah. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu mdahalo. Kila mmoja alikuwa amesikia maneno makali kabisa yanayoweza kusemwa dhidi ya kitabu chake au dini yake, na kila mmoja alikufa akiifanyia kazi. Swali halikuiua imani ya mmoja wao.

Basi nawausia mambo matatu. La kwanza, mizani iwe moja: hoja ambayo hutaki itumiwe juu ya Kitabu chako, usiitumie juu ya kitabu cha mwenzio. La pili, mtoto akiuliza, mjue kwanza anauliza swali gani, na kama hamna jawabu mwambieni mtamtafutia, kisha mtafute kweli. La tatu, msimwite kafiri mtoto aliyeuliza mbele ya wazee wake. Huyo ameleta swali lake nyumbani, na angeweza kulipeleka kwingine. Wengi siku hizi hulipeleka kwingine.

Mwenye maswali zaidi anipigie simu au aniandikie kupitia kamati ya kitabu. Mwakani, Mungu akitujaalia uzima, barza itazungumzia majina ya watoto wetu na yanavyoandikwa katika pasi za nchi mbalimbali, jambo ambalo najua litazua maneno.

Wassalaam alaykum warahmatullah.

Mwalimu wenu